UZI: Deraya nyekundu na deraya ya rangi ya mfupa kwenye vijisanamu vya askari wadogo, kwa wanaoanza kushika brashi

BrashiMoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu.

Swali hili linajirudia sana humu: "Nimepaka kikosi changu nyekundu, mabega na magoti rangi ya mfupa, mbona nyekundu imegeuka waridi na mfupa umekuwa kama ukuta uliopakwa chokaa?" Nimelijibu vipande vipande kwenye nyuzi za watu mpaka nikaona bora nikae chini niandike yote mahali pamoja.

Anayeuliza hivyo mara nyingi analaumu mkono wake. Mkono hauna kosa. Rangi hizi mbili zina tabia zinazopingana, na ukizipaka kwa mtindo mmoja, lazima moja wapo ikushinde.

Nyekundu nyingi za akriliki zimetengenezwa kwa pigmenti za kikaboni. Zina rangi kali na ya kupendeza, ila zinapitisha mwanga, kwa hiyo kilicho chini yake kinaonekana. Ukizipaka juu ya praima nyeusi (praima ni rangi ya kwanza inayoshika kwenye modeli), tabaka la kwanza linatoka kama damu iliyoganda, la pili lina mabaka, na ukifika la tano mistari yote midogo ya deraya imeshazibwa.

Rangi ya mfupa ni kinyume chake. Ndani yake kuna nyeupe ya titani kwa wingi, halafu njano ya udongo na kahawia kidogo. Titani inafunika kwa sababu inapinda mwanga kwa nguvu: kipimo chake ni kama 2.7, wakati gundi ya akriliki inayoishikilia iko kwenye 1.5 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayourudisha mwanga kabla haujafika chini. Lakini titani hiyo hiyo ndiyo inayoleta michirizi na unga unga ukiipaka nzito.

Kwa hiyo mimi nafanya kazi kwa kanuni moja: nyekundu haipandishwi (yaani haiongezewi mwanga) kwa nyeupe, na mfupa hauanzi kwa nyeupe. Mengine yote nitakayoandika yanatoka hapo.

Maandalizi nayapitia haraka. Kwangua mistari ya kalibu kwa mgongo wa kisu, usitumie makali. Kama kijisanamu ni cha rezini, kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kwanza, maana mafuta ya kalibu yanakataa rangi. Praima ya kopo pulizia nje, ukiwa umeziba pua na mdomo, umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa mipulizo mifupi inayoanzia pembeni ya modeli na kuishia upande wa pili. Ukisimama mbali mno, au hewa ikiwa na joto kali, rangi inakauka kabla ya kutua na deraya inakuwa kama msasa. Kwa nyekundu hakuna dawa ya kuuficha msasa huo.

Kuhusu rangi ya praima: kwa mpango huu usitumie nyeusi tupu. Mimi napulizia nyeusi au kahawia nzito kila mahali, halafu kijivu hafifu au rangi ya mfupa kutokea juu tu, kana kwamba jua liko utosini. Sehemu za juu zinakuwa na mwanga, za chini zinabaki na giza. Nyekundu itakaa juu ya hapo bila wewe kuhangaika, na pia unaona mapema kivuli kinatakiwa kiangukie wapi.

Sasa unene wa rangi, na hapa naomba mtulie kidogo. Watu wanasema "iwe kama maziwa". Ni kweli, lakini mwanzoni huwezi kujua maziwa hayo yanaonekanaje kwenye paleti. Mimi napima hivi: chukua karatasi iliyochapwa maandishi, chora mstari mmoja juu ya herufi. Rangi ya msingi ikiwa sawa, herufi zinaonekana kwa shida. Ya tabaka la juu ikiwa sawa, herufi zinasomeka lakini zimebadilika rangi. Zikisomeka vizuri kabisa, hiyo ni glezi, yaani rangi nyepesi sana ya kutia rangi kidogo juu ya tabaka lililopo. Zikipotea zote kwa mpigo mmoja, ongeza maji. Mpigo ukisambaa wenyewe na kuacha mzunguko pembeni, umezidisha maji, au brashi ina unyevu mwingi, na hili la pili ndilo kosa la kawaida zaidi. Baada ya kuchovya, gusisha tumbo la brashi kwenye tishu mara moja. Huo mguso mmoja unaokoa nusu ya kazi.

Paleti ya unyevu tengeneza mwenyewe: kisanduku chenye mfuniko, sponji au tishu iliyolowa, karatasi ya kuokea juu yake. Rangi itakaa masaa bila kukauka. Kwa nyekundu, ambayo unaipaka tabaka nyingi nyembamba, ni lazima, la sivyo utakuwa unachanganya upya kila dakika kumi na hakuna mchanganyo utakaofanana na uliotangulia.

Nyekundu yenyewe naandika kwenye posti inayofuata, naomba msiingilie kati.

---

BrashiMoja

NYEKUNDU

Rangi ya msingi iwe nyekundu inayofunika, yenye ukahawia kidogo. Wanaotumia rangi za chapa ya Citadel wanaijua Mephiston Red, au Khorne Red kama unataka giza zaidi. Kampuni nyingine zote zina mwenzake, tafuta ile inayoonekana nzito na butu kwenye kichupa. Tabaka mbili nyembamba. Ya kwanza itakuwa na mabaka, na usiirudie ikiwa mbichi. Iache ikauke, kisha paka ya pili.

Mtu akitaka nyekundu inayowaka kweli kweli, kuna njia ya kuanza na waridi. Ndiyo, waridi. Unapaka deraya nzima waridi iliyokolea, halafu nyekundu inayopitisha mwanga juu yake. Kile kile kinachokukera, kwamba nyekundu haifuniki, sasa kinakufanyia kazi: mwanga unapenya nyekundu, unagonga waridi, unarudi umejaa rangi. Jaribu kwenye askari mmoja kabla ya kupaka kumi.

Baada ya hapo, kivuli. Msitie nyeusi kwenye nyekundu. Nyeusi inaiua, inaifanya ionekane chafu tu. Kivuli cha nyekundu ni kahawia nzito, au zambarau kama unataka ubaridi, au tone la kijani kibichi kilichokolea ndani ya nyekundu yenyewe. Kijani na nyekundu zinakabiliana kwenye duara la rangi, na zikichanganywa zinazaa giza lenye joto ambalo linakaa vizuri kwenye mifereji ya deraya.

Woshi, yaani ile rangi nyepesi inayotiririkia kwenye mashimo, usiimwagie modeli nzima. Deraya ina mabamba bapa, na woshi ikikauka juu ya bamba bapa inaacha ramani. Chukua brashi yenye ncha, igusishe kwenye mfereji, uone jinsi woshi inavyokimbia yenyewe ikifuata mstari. Ndivyo inavyotakiwa. Ukigusa mara tatu au nne kuzunguka bamba la bega, mzunguko wote umejaa.

Niwaonyeshe bega moja kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapotea. Bamba la bega ni kama bakuli lililofunikwa, lina ukingo mnene unaolizunguka. Baada ya woshi kuingia kwenye ule mfereji kati ya bakuli na ukingo, angalia chini kabisa, upande unaoelekea mkononi. Kuna mwezi mwandamo wa woshi umejikusanya pale na unang'aa. Ukiuacha, utakauka kuwa doa jeusi lenye kingo kali. Suuza brashi, ikamue kwenye tishu, igusishe kwenye huo mwezi bila kusugua. Brashi itanywa ile woshi yenyewe. Kisha subiri nusu saa, isiguswe na mtu. Woshi inaonekana kavu mapema kuliko ilivyo kweli, na ukipitisha brashi juu ya ngozi yake iliyokauka nusu, inachubuka.

Ikishakauka, rudisha nyekundu ya msingi katikati ya bamba, ukiacha giza kwenye mifereji. Halafu panda. Na hapa kanuni inaanza kazi: unapanda kwa chungwa. Nyeupe kwenye nyekundu inazaa waridi kwa sababu inaongeza mwanga huku ikipunguza ukali wa rangi. Chungwa lina mwanga kuliko nyekundu na bado lina ukali wake, kwa hiyo jicho linasoma "nyekundu iliyopigwa na jua". Nyekundu angavu kwanza (Evil Sunz Scarlet, kwa mfano) kwenye nusu ya juu ya kila bamba, kisha nyekundu yenye chungwa kwenye kingo, kisha kwenye pembe kali tu tone la chungwa lililotiwa rangi ya ngozi kidogo. Hilo la mwisho ni nukta. Likizidi, deraya inageuka ya chungwa.

Kingo zinapigwa kwa ubavu wa brashi. Ilaze, uipitishe kwenye ukingo kama unavyopitisha kisu kwenye jiwe la kunolea, ukielekea upande mmoja. Ukingo wa modeli wenyewe unaikamata rangi. Anayechora ukingo kwa ncha iliyosimama anatetemeka bure, na mstari unatoka umenenepa hapa, umekonda pale.

Ukimaliza na hatua zikawa zinaonekana kama ngazi, tengeneza glezi ya nyekundu ya msingi, nyepesi kabisa, kamua brashi, na upitishe juu ya maungio ya hatua hizo. Kumbuka rangi nyingi inabaki pale mpigo unapoishia, siyo unapoanzia. Kwa hiyo anzia kwenye mwanga umalizie kwenye kivuli. Ukigeuza, utazima mwanga wote ulioujenga.

---

Mwanagenzi_07

Mkuu ahsante sana. Swali moja: mimi nimeshapaka askari watano nyekundu na nimeng'arisha kwa nyeupe, wote wana mabega ya waridi. Nianze upya?

---

BrashiMoja

Hapana ndugu, usiwaoshe. Umeshapaka msingi wa waridi bila kujua. Tengeneza glezi ya nyekundu angavu, paka mbili au tatu, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata, uone. Halafu kingo tu kwa chungwa. Huenda hao wakatoka wazuri kuliko watakaofuata.

---

KingoKali

Uzi mzuri. Naongeza moja kuhusu taa. Kama unapaka usiku chini ya balbu ya njano, nyekundu yako inaonekana na uchungwa ambao haina, na mfupa na nyeupe huwezi kuzitofautisha. Asubuhi ukitoka nje unashtuka. Tafuta taa ya mwanga wa mchana, kelvini 5000 hadi 6500, na yenye CRI (kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi) ya 90 kwenda juu. Mimi nilibadilisha taa kabla ya kubadilisha brashi, na taa ndiyo iliyonisaidia zaidi.

---

BrashiMoja

Kweli kabisa KingoKali. Hasa kwa hii sehemu inayofuata.

MFUPA

Mfupa unaanzia chini, kwenye kahawia, na unapanda taratibu kuelekea nyeupe bila kuifikia. Anayeanza na nyeupe kisha akatia woshi ya kahawia juu anapata kitu cheupe kilichochafuka. Anayeanza na kahawia anapata joto linalotoka ndani ya deraya, na ni joto hilo linalofanya jicho liseme "mfupa" badala ya "rangi ya ukuta".

Msingi: kahawia hafifu yenye uchanga, kitu kama Zandri Dust, tabaka mbili. Juu yake rangi ya mfupa yenyewe (Ushabti Bone kwa wanaotumia Citadel, kampuni ya Vallejo nao wana ya kwao), ila acha kahawia ionekane kwenye mifereji yote na chini ya kila bamba. Paka nyembamba kuliko unavyodhani inatosha. Rangi yenye titani nyingi ikiwa nzito inaacha alama ya kila unywele wa brashi, na alama hizo haziondoki kwa tabaka linalofuata, zinaongezeka tu. Tabaka la kwanza litaonekana kama ukungu juu ya kahawia. Liache hivyo hivyo. La tatu ndilo litakalotulia.

Woshi hapa iwe ya sepia, au kahawia ya udongo kama unataka deraya iliyochakaa vitani. Sepia ni ya njano zaidi na inakaa vizuri karibu na nyekundu. Kahawia ya udongo inapoza kidogo. Vyovyote vile, kwenye mifereji tu, kama tulivyofanya kwenye nyekundu, na kwa uangalifu mara mbili, kwa sababu kwenye mfupa kila kosa la woshi linaonekana. Ile pete inayobaki pembeni ya tone lililokauka inatokea kwa sababu maji yanakauka haraka zaidi ukingoni mwa tone na kuivuta pigmenti huko. Ukitia midiamu ya akriliki (ile gundi ya akriliki isiyo na rangi) kwenye woshi badala ya maji matupu, pete inapungua sana. Na usirudi kugusa tone lililoanza kukauka. Bora doa zima kuliko doa lililochubuliwa, maana zima unaweza kulifunika.

Kisha rudisha rangi ya mfupa kwenye mabamba, halafu changanya mfupa na nyeupe, nusu kwa nusu, kwa kingo za juu. Nyeupe tupu isiingie, au iingie kwa nukta moja kwenye pembe ya goti na juu ya kofia ya chuma. Tofauti kati ya mfupa wako wa kati na mwanga wako wa juu iwe ndogo. Nyekundu inavumilia hatua kubwa za mwanga. Mfupa hauvumilii.

Mpigo wa brashi kavu (brashi iliyofutwa rangi karibu yote) unafaa kwenye mafuvu, manyoya na vitambaa vilivyokunjamana. Kwenye deraya laini unaacha vumbi, na kwenye mfupa vumbi hilo linaonekana kutoka mbali. Kama deraya yako ina mikwaruzo na nyufa zilizochongwa, hapo sawa.

Na kuna jambo ambalo sioni likisemwa: deraya ya rangi ya mfupa mara nyingi ina mafuvu juu yake, na watu wanapaka vyote rangi moja. Fuvu linapotea kabisa. Deraya iache iwe ya joto, yenye njano, na fuvu lipeleke kwenye ukijivu, ukianzia kwenye msingi kama Rakarth Flesh. Ni tofauti ndogo, lakini ukimshika askari mkononi unaiona papo hapo.

---

TabakaNyembamba

Kipi kinatangulia, mkuu? Mimi naanza na mfupa. Nikimaliza mfupa, naufuata kwa nyekundu taratibu kwenye mipaka.

---

BrashiMoja

Mimi nyekundu kwanza. Nyekundu inapakwa mara nyingi, na woshi zake zinarukaruka. Mfupa ndio rangi inayochafuka kirahisi zaidi kwenye modeli nzima, kwa hiyo nauchelewesha.

---

KingoKali

Hapa sikubaliani nawe. Mfupa ukiteleza kwenye nyekundu iliyokamilika, unarekebishaje? Nyekundu yako haifuniki, umesema mwenyewe. Doa la mfupa chini ya nyekundu litaonekana kama taa. Umejenga ngazi nne za mwanga, sasa unazijenga upya kwa ajili ya doa moja.

---

BrashiMoja

Hoja yako ni nzito, KingoKali, na nimeshawahi kulipia. Niseme vizuri zaidi ninachofanya kweli mezani: naweka nyekundu ya msingi, kisha mfupa wa msingi, nasafisha mipaka, ndipo natia woshi kwa zote mbili. Baada ya hapo namaliza nyekundu yote, halafu namaliza mfupa. Kwa hiyo ule mpigo mkubwa, wenye hatari ya kuteleza, umeshapita kabla ya mwanga wowote kujengwa.

Na mpaka wenyewe naupigia mstari mwembamba wa kahawia nzito, pale bamba la mfupa linapokutana na la nyekundu. Mstari huo unafanya kazi mbili: unaficha mkono uliotetemeka, na unazitenganisha rangi mbili ambazo bila hivyo zinagombana. Kahawia, siyo nyeusi. Nyeusi karibu na mfupa inaonekana kama wino.

---

KingoKali

Hiyo naikubali. Msingi zote kwanza, mwanga baadaye.

---

dada_wa_rangi

Jamani, mbona mnapaka bega likiwa mwilini? Mimi mabega yote nayapaka yakiwa mbali, nimeyabandika kwenye kijiti. Nyekundu haifiki kwenye mfupa kabisa. La muhimu ni kutopaka pale linapogundishwa. Gundi ya plastiki inafanya kazi kwa kuyeyusha plastiki yenyewe, ikikuta rangi haishiki. Nabandika kipande kidogo cha utepe wa karatasi kabla ya praima, nakibandua mwisho.

---

BrashiMoja

Dada umemaliza ubishi. Kwa mabega hiyo ndiyo njia bora, na wanaoanza waanze hivyo. Magoti na kifua hayatoki, huko ndiko mpangilio wetu unahitajika.

---

Mwanagenzi_07

Nimerudi na tatizo. Woshi ya nyekundu imeanguka kwenye goti la mfupa. Nimepaka mfupa juu yake mara mbili, nikapata goti la waridi. Nifanyeje?

---

BrashiMoja

Pole ndugu, hilo lilinipata nikiwa na askari aliyekuwa amekamilika kila kitu isipokuwa macho. Nikapaka mfupa juu, ikatoka waridi, nikapaka tena, ikatoka waridi nene. Nilifika tabaka la sita na goti lilikuwa limevimba, lile umbo la mduara uliochongwa halionekani tena. Ilibidi niliondoe lote kwa kijiti cha mbao kilicholowa spiriti, nikaanza goti upya.

Fanya hivi. Usipake mfupa juu ya nyekundu hata siku moja. Rudi kwenye kahawia ya msingi, ile yenye uchanga, tabaka mbili nyembamba mpaka nyekundu ipotee kabisa. Kahawia ina uwezo wa kuizima nyekundu. Ikikauka vizuri ndipo unapanda na mfupa kama mwanzo. Unakuwa umerudi hatua tatu nyuma, lakini goti linabaki na umbo lake.

Siku nyingine ikidondoka, una sekunde chache. Brashi safi yenye maji, loanisha doa, nyonya kwa tishu, rudia. Ndiyo maana mimi nina brashi ya pili mkononi wakati wote natia woshi, ina maji tu, haina kazi nyingine.

Spiriti (isopropili) tumia kwa tahadhari, jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, kwa sababu baadhi ya rezini haziipendi. Asetoni usiisogeze karibu na plastiki. Inayeyusha modeli yenyewe.

---

PembeYaMeza

Na hizi rangi za mpigo mmoja, Contrast na wenzake? Tangu zitoke 2019 nasikia watu wanasema hakuna haja ya haya yote.

---

BrashiMoja

Zina mahali pake. Juu ya praima ya rangi ya mfupa kama Wraithbone, zile za mfupa zinatoka vizuri sana kwenye vitambaa, mafuvu, ngozi, chochote chenye mikunjo. Kwenye mabamba mapana zinajikusanya katikati kama dimbwi, na nyekundu ndiyo mbaya zaidi kwa sababu dimbwi lake ni jeusi. Pia zinatoka kwenye pembe ukishika modeli sana kabla ya vanishi. Mimi nazitumia kama msingi: mpigo mmoja, naacha likauke kabisa, halafu narudi kupanda mabamba kwa mkono kama tulivyoeleza. Kikosi kikubwa kinakwenda haraka hivyo.

---

TabakaNyembamba

Brashi ipi? Watu wananiambia ninunue ya sifuri sifuri kwa ajili ya kingo.

---

BrashiMoja

Usinunue. Brashi ndogo kupita kiasi ina tumbo dogo, rangi inakauka kwenye ncha kabla hujafika kwenye modeli. Namba 1 au namba 2 yenye ncha kali inapiga kingo, mifereji na macho. Ya nywele za kolinsky (mnyama wa jamii ya kicheche) kama unaweza kuipata, na ya sintetiki kwa msingi na woshi ili ile nzuri idumu. Rangi isipande mpaka kwenye chuma cha brashi, ikikauka humo nywele zinatawanyika na ncha hairudi. Ioshe kwa sabuni kila ukimaliza. Na msizichongoe ncha kwa mdomo, wakuu. Baadhi ya nyekundu na njano zina kadimiamu, ambayo ni sumu. Ichongoe kwenye kiganja kilicholowa.

---

dada_wa_rangi

Ongezea vanishi, maana kazi nyingi zinaharibikia hapo.

---

BrashiMoja

Kweli. Siku yenye unyevu mwingi msipulizie. Vanishi isiyong'aa inaweza kukauka na ukungu mweupe, na kwenye nyekundu ukungu huo unaonekana kama vumbi lisilofutika. Pia mjue vanishi isiyong'aa inapunguza ukali wa nyekundu kidogo hata ikienda sawa, wakati inayong'aa inaizamisha na kuiongezea kina. Kwa askari wa kuchezea mimi napaka inayong'aa kwanza kwa ajili ya ugumu, kisha isiyong'aa juu, tabaka nyembamba. Na sipulizii kikosi kizima kabla sijapulizia kijiti kilichopakwa rangi zile zile.

---

Mwanagenzi_07

Mkuu, goti limepona! Kahawia mara mbili, mfupa mara tatu, hakuna waridi tena. Wale watano wa waridi nimewapiga glezi ya nyekundu na wanawaka kweli. Kilichobaki: kwenye bega la kulia la sajenti hatua za mwanga zinaonekana kama ngazi, na nikipaka glezi inazidi kuwa giza juu, siyo chini.

---

BrashiMoja

Hongera sana ndugu, nimefurahi mno. Kwa sajenti, mpigo wako unaishia juu. Mgeuze. Mshike kichwa chini miguu juu, ili ukivuta brashi kuja kwako inatoka kwenye mwanga kwenda kwenye kivuli. Ni bega lile lile na glezi ile ile. Kamua brashi zaidi ya ulivyofanya, mipigo mitatu tu, kisha mweke chini dakika kumi kabla ya kumwangalia tena. Ikibaki ngazi moja, rudisha nyekundu angavu juu yake kwa ncha, katikati ya zile hatua mbili, na glezi moja ya mwisho.